Mji Uliohamishwa Bila Kuhama

 Somo letu ni Kitabu cha Yoshua, mlango wa 22. Lakini kabla ya kulifikia, tungependa kuwapeleka kwanza mbali, kusini-magharibi ya Ujerumani, katika mji mdogo uitwao Wimpfen. Tangu mwaka 1930 huitwa Bad Wimpfen, kwa sababu ya maji yake ya chumvi ambayo wagonjwa huenda kuogea.

Mfikirieni mama mmoja aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1900. Ni mama wa mfano tu, lakini wako wengi waliozaliwa kama yeye. Siku aliyozaliwa alikuwa mtu wa Duke Mkuu wa Hesse. Alipokuwa na miaka 18, Duke akaondolewa, na Hesse ikawa jamhuri. Alipokuwa na miaka 45, vita vikuu vikiisha, watawala wa jeshi la Marekani wakauweka mji wake chini ya wilaya ya Sinsheim, katika jimbo jipya la Württemberg-Baden. Alipokuwa na miaka 52, mji ukatiwa katika wilaya ya Heilbronn, na jimbo nalo likaunganishwa na mengine, likawa Baden-Württemberg. Miaka hiyo yote mlango wa nyumba yake ulikuwa ule ule, na mto Neckar ulipita chini ya kilima vile vile. Mama huyu alihamishwa mara kadhaa, naye hakufunga mzigo hata siku moja.

Tena liko jambo la kushangaza zaidi. Kama mama huyu alikuwa Mprotestanti, kanisa lake pia lilihamishwa: lilitoka katika Kanisa la Kiinjili la Hesse, likaingia katika lile la Württemberg. Lakini kama alikuwa Mkatoliki, askofu wake alibaki kuwa Askofu wa Mainz, kule mbali kwenye mto Rhine, ingawa majirani Wakatoliki wa vijiji vya karibu walikuwa chini ya maaskofu wengine. Mji mmoja, mtaa mmoja, soko moja. Mpaka wa kanisa hili ukasogea, na mpaka wa kanisa lile ukakaa.

Mambo hayo yalitokeaje? Na yatusaidie nini sisi tulio Kenya? Tuyafuate polepole.

Wengi wetu tunaijua hali ya mji huu kwa mfano wa mashamba. Mzee ana shamba lake kuu lenye boma. Lakini mahali pengine, katikati ya mashamba ya watu wasio wa ukoo wake, ana kipande kidogo alichokipata kwa ajili ya deni la zamani. Ili akifikie kipande hicho hana budi kupita katika njia za wengine. Wimpfen ulikuwa kipande cha namna hiyo. Tangu mwaka 1803 hadi 1945 ulikuwa mji wa Hesse, lakini Hesse yenyewe ilikuwa mbali, ng'ambo ya milima ya Odenwald. Waliouzunguka walikuwa watu wa nchi mbili nyingine, Baden na Württemberg.

Mipaka ilianza kupita hapo zamani sana. Warumi walijenga ngome bondeni, mahali ambapo mto Jagst unaingia katika Neckar, na kwa muda Neckar ulikuwa mpaka wa dola yao. Katika karne ya 2 wakausogeza mpaka huo upande wa mashariki, na katika karne ya 3 wakaondoka kabisa. Baadaye mahali hapo pakawa mali ya Askofu wa Worms. Kisha wafalme wa ukoo wa Staufen wakajenga jumba lao kubwa juu ya kilima, karibu na mwaka 1200, na minara yake ingali inaonekana kutoka mbali. Basi Wimpfen ukawa na sehemu mbili: mji wa juu, wenye jumba la mfalme na soko, na mji wa bondeni, wenye kanisa la Mtakatifu Petro na makanoni wake.

Kanisa hilo la bondeni lina habari moja ya kupendeza. Mwaka 1269 mkuu wa makanoni, Richard von Deidesheim, alitaka kulijenga upya. Mwandishi wa zamani wa kanisa hilo ameandika kwamba Richard alimwita mwashi aliyekuwa ametoka Paris karibuni, ajenge kwa mtindo wa Kifaransa. Watu wakaja kutoka pande nyingi kuitazama kazi hiyo. Hivyo hata zama zile, mipaka ya wafalme haikuuzuia ufundi mwema kuvuka.

Ukoo wa Staufen ulipoanguka, mji wa juu ukapata uhuru wake. Ukawa mji usio na bwana yeyote ila Kaisari mwenyewe, ukijitawala kwa baraza lake, na hali hiyo ikadumu kwa karne nyingi. Kisha yakaja Matengenezo ya Kanisa. Katika miaka ya 1520 mhubiri Erhard Schnepf, ambaye baadaye alifanya kazi kubwa ya Injili huko Württemberg, alihubiri Wimpfen. Watu wengi wa mji wa juu wakaipokea imani ya Kilutheri, na kanisa kuu la mji likawa lao. Lakini makanoni wa bondeni na watawa Wadominiko wa mji wa juu walibaki Wakatoliki.

Mwaka 1555, katika mapatano ya Augsburg, watawala wa Ujerumani walikubaliana kwamba kila mkuu angechagua dini ya nchi yake, na asiyeipenda angeweza kuhama. Lakini kwa miji ya Kaisari ambayo tayari ilikuwa na watu wa pande zote mbili, iliamriwa kwamba wote wawili wakae pamoja. Twapenda mliangalie neno hilo. Katika sehemu kubwa ya nchi ile, mpaka wa mkuu ndio uliokuwa mpaka wa imani. Lakini ndani ya miji kama Wimpfen, majirani walilazimika kujifunza kuishi bega kwa bega, kengele ya hawa ikilia baada ya kengele ya wale.

Haikuwa rahisi. Vita vya Miaka Thelathini vikaja, na tarehe 6 Mei mwaka 1622 majeshi mawili yalipambana karibu na mji huo. Jenerali Tilly wa upande wa Wakatoliki, akisaidiwa na Waspania, alimshinda Georg Friedrich wa Baden-Durlach aliyekuwa wa upande wa Waprotestanti. Wazee wetu husema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Aliyeshinda alikwenda zake, aliyeshindwa akaenda zake, na watu wa mji wakabaki na njaa na mashamba yaliyokanyagwa.

Sasa tufike mwaka 1803. Ufaransa ilikuwa imechukua nchi zote zilizo magharibi ya mto Rhine, na wakuu wa Kijerumani waliopoteza ardhi huko walidai walipwe. Wakalipwa kwa miji huru na kwa mali za kanisa. Ilikuwa kama mtu aliyepoteza ng'ombe wake akapewa mbuzi mmoja hapa na mmoja pale, popote walipopatikana. Wimpfen ulitiwa kwanza mikononi mwa Baden, kisha katika mwaka huo huo ukakabidhiwa Hesse-Darmstadt. Uhuru wa mji ukaisha. Hakuna aliyewauliza wenye mji wanataka kuwa wa nani.

Na mara mji ulipopata bwana mpya, makanisa nayo yakapata mabwana wapya. Kwa Waprotestanti jambo lilikuwa la moja kwa moja, kwa maana katika nchi zile mtawala ndiye aliyekuwa mkuu wa kanisa la nchi yake. Sisi Waanglikana hatuna sababu ya kucheka, kwa kuwa Kanisa la Uingereza, lililotuletea Injili, nalo lina mfalme kama mtawala wake mkuu. Kwa hiyo Walutheri wa Wimpfen, ambao baraza la mji wao ndilo lililokuwa likiwasimamia, wakawa sasa chini ya mtawala wa Hesse.

Kwa Wakatoliki ilichukua muda zaidi. Dayosisi ya kale ya Worms ilikuwa imekufa katika machafuko yale. Mwaka 1821 Papa Pius wa Saba alizipanga upya dayosisi za sehemu zile, na serikali zilitaka kila nchi iwe na askofu wake: Baden wa Freiburg, Württemberg wa Rottenburg, na Hesse wa Mainz. Kwa kuwa Wimpfen ulikuwa wa Hesse, Wakatoliki wake wakapewa Mainz. Mpaka wa dayosisi ulichorwa juu ya mpaka wa serikali, kama mtoto afuatishavyo mstari wa mwalimu kwa kalamu yake.

Mji ukaishi hivyo zaidi ya miaka 140. Hesse ilipata faida yake, kwa maana chini ya ardhi hiyo kulikuwa na chumvi, na kiwanda cha chumvi kikaitwa Ludwigshall kwa jina la Duke Ludwig. Lakini maisha ya kila siku yaliwavuta watu kwa majirani. Reli ilipofika, mwishoni mwa miaka ya 1860, ilikuwa reli ya Baden, ikapita katika ardhi ya Hesse, ikaishia Jagstfeld katika nchi ya Württemberg. Mtu mwenye shauri la serikali alielekea Hesse ya mbali. Mtu mwenye kuku wa kuuza alielekea Heilbronn, mwendo wa saa chache kwa miguu.

Mwaka 1918 wakuu wote wa Ujerumani waliondolewa, na kwa siku hizo hizo makanisa ya Kiprotestanti yakapoteza wakuu wao wa duniani. Wengine walidhani kanisa litaanguka. Halikuanguka. Mahubiri yaliendelea Jumapili iliyofuata.

Ndipo ikaja miaka ile tuliyoitaja mwanzoni. Mwaka 1945 mji ulitengwa na Hesse kwa mambo ya utawala. Mwaka 1951 wenye mji waliulizwa kwa kura, na wengi wakachagua upande wa Heilbronn. Tarehe 1 Mei mwaka 1952 wakaingia katika wilaya hiyo. Waprotestanti waliufuata mpaka wa serikali, wakajiunga na kanisa la Württemberg, na ni rahisi kuona faida yake: wachungaji wa jirani ndio waliokuwa wenzao, na shule na ofisi ziko upande huo. Wakatoliki hawakuufuata. Waliendelea kuwa wa Mainz, na hata karne ya 21 ilipoanza bado walikuwa kisiwa cha Mainz katikati ya dayosisi nyingine. Mstari uliochorwa kwa kuifuata serikali uliachwa peke yake, serikali ikiwa imekwisha kuondoka.

Liko jambo moja la mwisho juu ya mji huu. Wakati huo huo, mbali mashariki, mpaka wa Ujerumani na Polandi ulisogezwa, na nchi ya Silesia ikawa ya Polandi. Watu kwa mamilioni wakafukuzwa makwao. Kati yao walikuwamo watawa Wabenediktini Wajerumani wa nyumba ya Grüssau. Mwaka 1947 watawa hao walipata makao Wimpfen, katika majengo yale ya Mtakatifu Petro bondeni, karibu na kanisa la yule mwashi wa Paris. Mji ambao wenyewe hukuwa na hakika ni wa jimbo gani uliwapa mahali pa kulala watu ambao mpaka uliwatupa nje.

Sasa, ndugu zetu, tuifungue Yoshua 22. Makabila mawili na nusu, yaani Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, walipewa urithi wao ng'ambo ya Yordani. Walipokuwa wakirudi kwao walijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Ndugu zao wakakasirika, wakajitayarisha kwenda kupigana nao, wakidhani wamemwacha Mungu. Lakini wale wa ng'ambo wakaeleza hofu yao. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa upande huu watawaambia watoto wa upande ule kuwa hawana fungu kwa Bwana, kwa kuwa mto umekuwa mpaka. Ile madhabahu haikuwa ya sadaka. Ilikuwa shahidi kwamba pande zote mbili ni watu wa Mungu mmoja. Neno hilo liliposikiwa, silaha zikawekwa chini.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wa Nyanza walikuwa katika Uganda hadi mwaka 1902, serikali ya Kiingereza ilipousogeza mpaka na kuwatia upande wa Kenya. Lakini Waanglikana wao waliendelea kuwa wa Dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921, ndipo wakatiwa chini ya Mombasa. Mwaka 1961 dayosisi ya Mombasa ikagawanywa, zikazaliwa Maseno, Nakuru na Fort Hall, na tangu hapo dayosisi zetu zimegawanywa mara nyingi. Hiyo ni dalili ya kukua, nasi twamshukuru Mungu. Lakini kila ugawaji huacha kipande fulani kisichojua ni cha nani.

Turuhusuni tuungame jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kusaidia kupatanisha parishi mbili zilizogawanywa. Kati yao palikuwa na kijito, na kando ya kijito kanisa dogo la mabati. Parishi hii ilisema kanisa ni lake, kwa kuwa ndiyo iliyolijenga. Parishi ile ilisema ni lake, kwa kuwa ramani mpya inasema hivyo. Tuliketi saa nne, ramani mezani, tukahesabu mabati, viti na sufuria. Wakati tunaondoka, mama mmoja aliyekuwa akipika chai alituuliza ni nani atakayekwenda kwa mzee fulani. Mzee yupi? Ndipo tukaambiwa kwamba mzee huyo amelala mgonjwa majuma sita bila Ushirika Mtakatifu. Mwinjilisti wa huku alidhani ni wa kule, na mwinjilisti wa kule akadhani ni wa huku. Tukaenda jioni ile ile. Tulikuta watu wameketi nje kimya, na moto umewashwa uani. Alikuwa amefariki mchana, sisi tukiwa tunahesabu viti.

Hatujasahau uso wa mwanawe. Hakutulaumu. Alituuliza tu, kwa upole, baba yake atazikwa na parishi gani.

Tangu siku hiyo tunapoona ramani ya kanisa, twamkumbuka mzee huyo kwanza. Na tulipoisoma historia ya Wimpfen tulijifunza mambo matatu, ambayo twawaachia.

La kwanza, mipaka ni kazi ya watu, nayo huchorwa kwa sababu za siku zake: deni la vita, mgodi wa chumvi, mto, au urahisi wa safari. Ni halali kuwa nayo, maana pasipo mpaka hakuna anayejua kondoo wake. Lakini tusiipe heshima ya milele. Mistari mingi iliyowagawa watu wa mji ule imekwisha kufutwa, na wao wangali wanasali.

La pili, mpaka waweza kusogea au kukaa, na njia zote mbili zaweza kuwa njema. Waprotestanti wa Wimpfen walihamia kwa jirani, Wakatoliki wakabaki na askofu wa mbali, na Injili ikaendelea kusomwa pande zote mbili. Basi ndugu wakichagua tofauti nasi katika jambo kama hili, tusiwaite waasi. Tufanye kama wale wa Yoshua 22: kabla ya kushika silaha tuulize kwanza, nao waeleze.

La tatu, na ndilo kubwa, mpaka uliwekwa kwa ajili ya kundi. Siku mpaka utakapotuzuia kumfikia mgonjwa, kumzika mfu, au kumpokea aliyefukuzwa, siku hiyo umeacha kuwa mpaka wa kanisa, umekuwa ukuta tu.

Basi juma hili, ninyi makasisi, wainjilisti na wazee wa kanisa, fikirini kipande chenu kile cha kando ya kijito. Ni nyumba gani ambayo kila mtu hudhani ni ya mwenzake? Nendeni huko. Msingoje kikao. Kama mtamkuta mwinjilisti wa upande wa pili amefika kabla yenu, msalimianeni, mkaingie pamoja.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuvusha sote kwa damu ya Mwanao, utusamehe kwa kuwa tumelinda mistari na kuwasahau watu. Uwakumbuke wale wanaokaa mahali ambapo hakuna anayesema ni pake. Uwape wachungaji wenye miguu myepesi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.